Ukuta wa Nyuma wa Maman Joséphine

Ukuta wa nyuma wa nyumba ya Joséphine ulikuwa na tumbo. Ulivimba kuja ndani, taratibu, mwaka hadi mwaka, kwa sababu nyuma yake mlima ulikuwa ukiusukuma, na mlima hauna haraka wala hauchoki. Marehemu mumewe, Balagizi, ndiye aliyeuchimba mlima huo kwa jembe lake mwenyewe ili apate mahali pa kusimamisha vyumba viwili. Enzi hizo viwanja vya tambarare hapo Kamembe vilikuwa vimeshachukuliwa na wenye nazo. Alichimba karibu mno, akaacha upenyo ambao hata kuku alipita kiubavu. Kisha akafa kwa ugonjwa wa ini, akawaachia wanawake wawili nyumba, mlima, na upenyo uliokuwa ukijaa udongo kila masika.

Joséphine alikuwa mzaliwa wa Rwimbogo, mama wa miaka hamsini na ushei, mpana wa mabega, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kulia. Kazi yake ilikuwa sambaza. Alfajiri alikuwa ziwani kununua, asubuhi anavuka daraja la Rusizi kwenda kuuza Bukavu, ng'ambo ya mpaka, alasiri amesharudi. Harufu ya samaki hao wadogo haikumtoka hata Jumapili, hata asugue mikono kwa limau mpaka ichubuke. Kanisani kwake, lile kanisa la waliookoka lenye mabati ya bluu chini ya barabara, walikuwa wanajua kwamba Maman Joséphine amefika kabla hajafungua mdomo kuimba.

Mwanamke wa pili alikuwa mama mkwe wake, Mukamazimpaka. Ujana wake wote aliumalizia Bukavu kwa bwana wa Kishi, kabila la huko, akarudi Rwanda mjane. Kiharusi kikamchukua miguu yote miwili, kikamwachia ulimi. Majirani walikuwa wakisema kingechukua ulimi kikaacha miguu, nyumba ile ingekuwa na amani zaidi. Alikuwa Mkatoliki wa kufa na kupona, rozari haikutoka mkononi, na kelele za kanisa la mkwewe alikuwa akiziita mechi. "Nani ameshinda leo?" alikuwa akiuliza kila Jumapili Joséphine akirudi na sauti imekauka. Walipendana, na hilo lisiwe na shaka. Joséphine ndiye aliyemwogesha, aliyemgeuza, aliyemlisha, na usiku walikuwa wakicheka wawili mpaka jirani anagonga ukuta.

Lakini mvua ikianza, kicheko kilikuwa kinakatika. Joséphine alikuwa na wazo moja tu: mlima ukishuka, huyu mama atatokaje? Yeye mwenyewe angeweza kuruka nje. Mukamazimpaka hakuweza hata kujigeuza kitandani.

Mwanzoni mwa mwaka watu wa serikali walipita kwenye mteremko wote, nyumba kwa nyumba, wakasema hapa si mahali pa kuishi binadamu. Wenye uwezo wahame kabla ya masika. Wasio na uwezo watajengewa, ila si wote kwa mpigo mmoja. Kwa mtaa wao, nyumba iliyokuwa tayari ilikuwa moja tu, huko njia ya uwanja wa ndege, yenye sakafu ya saruji na tangi la maji ya mvua. Nani aipate, hilo lingeamuliwa na wakaaji wenyewe, hadharani, kwa kunyoosha mikono, kwenye mkutano wao wa Jumanne.

Kila mtu alijua itakuwa ya nani. Niyomugabo, mkuu wa mtaa, alimsimamisha Joséphine barabarani akiwa na beseni lake kichwani, akamwambia, "Maman, hiyi mara ni weye. Nani mwingine iko na muzee wa kubeba?" Joséphine aliondoka pale miguu haigusi chini. Alipofika nyumbani alimweleza mama mkwe wake juu ya sakafu ya saruji, na Mukamazimpaka akauliza kama dirisha linaona ziwa. Jioni ile walilihamisha dirisha hilo mara nyingi, mara upande huu, mara ule.

Kisha ikaja Jumamosi ya umuganda, ile ya mwisho wa mwezi ambapo wote wanatoka na majembe kufanya kazi ya jamii. Walizibua mitaro mpaka saa tano. Kazi ilipokwisha, kikundi cha maombi cha Joséphine hakikwenda nyumbani. Walipanda kwake wakiimba, wamebeba udongo, nyasi, mavi ya ng'ombe, chokaa, na mabati machache waliyochangiana bila kumwambia. Niyomugabo naye alikuwamo, kwa sababu pamoja na ukuu wa mtaa alikuwa shemasi wa kanisa hilo hilo, mtu mnyoofu kupita kiasi, wa aina ile ambayo hata ndugu zake wanamwogopa. Alivua viatu, akakunja suruali, akakanyaga udongo pamoja na wakina mama.

Walifanya kwa upendo, na lisemwe hivyo. Lakini walichofanya ni kukandika. Walipachika mabati mapya juu ya chumba cha nyuma, wakasiliba ukuta, wakaupaka chokaa mpaka ukawaka. Hakuna aliyegusa msingi, hakuna aliyegusa mlima. Tumbo lilibaki pale pale, ila sasa lilikuwa tumbo jeupe. Mmoja wao alipitisha kiganja juu ya ule uvimbe, akamtazama Niyomugabo, Niyomugabo akautazama ukuta, kisha wote wawili wakaendelea kupaka chokaa. Joséphine alikuwa analia kwa furaha uani, anawagawia chai.

Sasa, pale kanisani kutoa ushuhuda kuna desturi yake, na asiyeijua ataona watu hawa ni wajinga, na hawakuwa wajinga. Mtu akipewa gunia la makaa, hasimami kusema nimepewa gunia la makaa. Anasema Mungu amefungua milango. Aliyepona malaria anasema ametoka kaburini. Hakuna anayeona uongo hapo. Ni adabu tu, ya kumshukuru Mungu kwa kikombe kilichojaa. Na juu ya yote, ushuhuda hauna "lakini". Mchungaji wao, Pasta Protais, alikuwa amewafundisha hivyo miaka nenda miaka rudi: anayeshukuru kisha akaweka lakini, ametoa sadaka kwa mkono mmoja akairudisha mfukoni kwa mwingine. Kuna baba mmoja, papa kama wanavyoita huko, aliwahi kusimama akasema Mungu amemponya mguu, lakini goti bado linauma. Kanisa zima lilinyamaza. Mpiga kinanda aliinua vidole. Yule papa akakaa chini, na hadi leo watoto wake wanataniwa kwa jina la Goti.

Jumapili iliyofuata, Joséphine alikuwa amepanga kusema machache, awashukuru wenzake kwa kukandika, basi. Lakini kinanda kilikuwa kimeshapanda, ngoma imeshapanda, na wale waliokanyaga udongo wake walikuwa wamekaa mbele wanamtazama kwa macho ya kungoja. Ungewaambia nini watu hao? Kwamba wamepaka chokaa tu?

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mi nilikuwa mutu wa kulala na woga," alisema, na machozi yalikuwa ya kweli. "Mungu akatuma batoto bake. Leo amenijengea nyumba! Nasema amenijengea! Mi siko tena na haja ya kintu, siko na haja ya mutu! Nyumba ya Yesu haianguke!"

Kanisa lililipuka. Walimbeba kwa nyimbo, vitambaa vikapepea, Pasta Protais akaruka kutoka madhabahuni. Kwa muda ule Joséphine aliamini kila neno alilolisema, na pengine hakuwahi kuwa na furaha ya namna ile tangu siku ya ndoa yake.

Baada ya ibada wakina mama walitaka kuja kuiona hiyo nyumba. Joséphine alitangulia mbio. Kitanda cha Mukamazimpaka kilikuwa chumba cha mbele, karibu na mlango, mbali na mlima. Ndivyo Balagizi alivyokiweka akiwa hai. Huko mbele mabati yalikuwa ya zamani, yanavuja, na ukuta mweusi kwa moshi. Joséphine akakivuta kitanda, mama yumo ndani yake, mpaka chumba cha nyuma, akakiegemeza kwenye ukuta mweupe, akatandika shuka safi.

"Weye Josée," alisema Mukamazimpaka, "unaniweka na mulima ku mugongo?"

"Maman, huku mvula haiingie. Na bageni banakuya."

"Bageni bataenda. Mi nitabakia."

Wageni walikuja, wakasifu, wakaomba, wakanywa chai, wakaenda. Kitanda kilibaki. Huko nyuma kulikuwa hakuvuji, ni kweli, na Joséphine aliona aibu kukirudisha mbele. Jioni alimsimulia mama mkwe wake maneno aliyoyasema kanisani, akitegemea kusifiwa kidogo. Mukamazimpaka alisikiliza mpaka mwisho, rozari imesimama vidoleni.

"Maria na Yozefu bangesema ku ule mulango, 'Aksanti, hatuna haja,'" alisema, "ata ile zizi ya ng'ombe habangepata."

Jumanne mkutano ulikaa kwenye majani kando ya barabara, kama kawaida. Joséphine alivaa kitenge chake cha sikukuu. Niyomugabo alisimama, akasalimia, akaeleza juu ya nyumba. Kisha akageuka upande wake, uso umejaa furaha ya kweli, akasema:

"Wote tulikuwa tunafikiri Maman Joséphine. Ila Jumapili tulimusikia na masikio yetu. Kanisa imekwisha kumujengea. Mi naona hivi: kanisa ni mukono moja, serikali ni mukono ingine, na yote ni ya Mungu. Mikono yote mbili haiwezi kubeba mutoto moja na kuacha mwingine chini. Ni vile ao sivyo, Maman?"

Aliinua macho. Nusu ya kanisa ilikuwa pale. Pasta Protais alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani, anatabasamu. Na karibu na mchungaji alikuwa amekaa Clarisse, mwenzake Joséphine wa kwaya, binti mdogo aliyekimbiwa na mume akaachwa na mapacha, mwenye nyumba akiwa ameshamtolea godoro nje. Neno lilikuwa limeshafika mwisho wa ulimi wa Joséphine. Lilikuwa neno dogo. Angelisema, watu hao wote wangemgeukia, na yule aliyeruka kutoka madhabahuni angejua kwamba aliruka bure.

"Ni vile, Papa," alisema.

Wakampigia makofi. Kisha mikono ikanyooshwa kwa ajili ya Clarisse, yote, na wa Joséphine ukiwamo. Clarisse alimkumbatia akilia, akimwita mama yangu mzazi, mapacha wamebanwa katikati yao. Hata chuki Joséphine hakupata pa kuiweka.

Alikaa na hofu yake siku chache, kisha akashindwa, akaenda kwa Pasta Protais. Wala msimdhanie vibaya mchungaji huyu. Yeye mwenyewe alikuwa anaishi chumba kimoja cha kupanga na mke na watoto, na sadaka yote ilikwenda kwa wagonjwa. Alimsikiliza Joséphine akikwama, akirudi nyuma, akisema ukuta si mzuri sana, akisema mlima, akisema mama hana miguu.

"Maman," alimwambia kwa upole, "ile neno ulimupatia Mungu mbele ya batu. Utaenda kumunyang'anya namna gani? Imani ni kushika ata kama macho haijaona. Pasaka ikipita tutapanda tena, tutafunga, tutaombea ule ukuta, tutakandika tena."

Joséphine alirudi akiwa amefarijika nusu, na amejikasirikia kwa ile nusu nyingine. Alijiambia kwamba anayeogopa ukuta baada ya kumshuhudia Mungu hana imani. Alijiambia hivyo kila asubuhi akimwogesha mama mkwe wake, huku mgongo wa mama ukigusa chokaa, na chokaa ilikuwa imeanza kupasuka kwa mstari mwembamba kutoka juu kwenda chini.

Aliyesema wazi alikuwa Sultani. Huyu alikuwa seremala, Mwislamu wa Kamembe, mteja wake wa sambaza wa siku nyingi, na ndiye aliyetengeneza kile kitanda. Alikuja kukaza mguu wa kitanda uliolegea. Alipoinama aliuona ule mstari. Akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo, akasahau msumari mdomoni.

"Maman Joséphine," alisema alipoutema, "hapa hapalalwi na muntu. Nyuma ya atelie yangu kuna chumba, iko wazi, ninaweka mbao tu. Nitatoa mbao. Mlete mama leo. Hakuna kulipa, hakuna maneno."

"Mi naenda," alisema Mukamazimpaka kutoka kitandani. "Mbao inanukia muzuri kupita sambaza."

Joséphine alicheka, kicheko kibaya. Aende nyuma ya karakana ya Mwislamu, yeye, aliyejengewa na Mungu wiki chache tu zilizopita? Watu watauliza: kumbe ile nyumba ya Yesu iko wapi? Aliona kama aibu hiyo si yake, ni ya Mungu, na yeye ndiye amepewa kuilinda. Mungu hakumwomba kazi hiyo, lakini hilo alikuja kulijua baadaye.

"Pasaka ikipita, Papa Sultani," alisema. "Pasaka ikipita tutakuya."

Sultani alimtazama, akamtazama mama, akachukua nyundo yake. Siku ya pili alituma salamu kwamba mbao zimeshatolewa.

Mvua ilikuja kabla ya Pasaka, mchana kweupe. Joséphine alikuwa ng'ambo, Bukavu, na sambaza karibu zimekwisha. Ilianza kama mvua nyingine, watu wakajibanza chini ya vibaraza wakitaniana. Kisha ikakataa kupungua. Maji ya Rusizi yalibadilika rangi chini ya daraja, na kule upande wa pili mlima ulikuwa haupo, umemezwa wote na mvua. Joséphine aliacha beseni. Mwenzake alimwita, Maman, beseni yako, naye alikuwa ameshafika mpakani, ameshavuka, amelowa mpaka kwenye mifupa. Pikipiki zilikuwa hazipandi. Alipanda kwa miguu, akianguka, akiinuka, akisema jina la Yesu bila kujua kwamba analisema.

Kwenye kona ya barabara alikutana na watu wanapanda mbio, majembe mabegani, kama siku ya umuganda. Haikuwa Jumamosi. Hapo ni Clarisse aliyemshika mkono akapanda naye, Clarisse ambaye alikuwa ameteremka peku kutoka kwenye ile nyumba yake mpya aliposikia.

Mlima haukuwa umeshuka wote. Ulikuwa umeteleza kidogo tu, kwa kweli, kiasi cha kujaza ule upenyo wa Balagizi na kusukuma. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala kuja ndani, mzima mzima, juu ya kitanda. Chokaa yake ilikuwa bado nyeupe. Niyomugabo alikuwa amepiga magoti juu ya tope anachimba kwa vidole kwa sababu aliogopa kutumia jembe. Sultani alikuwa anainua mabati. Pasta Protais alikuwa anavuta mawe huku analia kwa sauti kama mtoto. Walipomtoa Mukamazimpaka, rozari ilikuwa imezungushwa mkononi kwake, na udongo mdomoni.

Joséphine hakupiga yowe. Aliingia chumba cha mbele. Kilikuwa kimesimama. Kuta zote zilikuwa zimesimama, nyeusi kwa moshi wake. Karibu na mlango, mahali ambapo kitanda kilikuwa kikikaa tangu siku za Balagizi, kulikuwa na ndoo aliyoitega asubuhi kwa ajili ya pale panapovuja. Ilikuwa imejaa nusu. Basi. Nusu ndoo ya maji, ndiyo mvua yote iliyoingia pale.

Hapo ndipo alipopiga yowe.

Padri wa parokia alimzika kwa misa, kama mwenyewe alivyotaka. Kanisa la mabati ya bluu liliimba makaburini, na safari hii hapakuwa na wa kuziita nyimbo hizo mechi. Jeneza alilitengeneza Sultani, kwa zile mbao zilizotolewa chumbani, na hakutaka kusikia neno la malipo. Kwenye kilio Niyomugabo alikuja akakaa kando ya Joséphine mkekani. Alikuwa amekonda kwa siku mbili.

"Maman, sababu gani hukusema? Pale ku mukutano nilikuuliza. Ungesema tu."

Joséphine alimtazama mikono. Kucha zilikuwa zimevunjika kwa kuchimba.

"Papa, ulikuwa pale siku ya kukandika," alisema. "Ulipaka chokaa na hiyi mikono yako. Ule ukuta uliuona. Weye sababu gani hukusema?"

Niyomugabo akainuka akaenda kusimama nje kwenye mvua ndogo, mtu mzima, shemasi, mkuu wa mtaa, mgongo umetazama watu.

Joséphine alihamia nyuma ya karakana ya Sultani. Alikuwa amejiandaa kwa maneno. Hayakuja. Hakuna aliyeuliza nyumba ya Yesu iko wapi, hakuna aliyecheka. Wakina mama wa kanisa walimletea unga na sabuni mpaka pale kwenye vumbi la mbao, wakamsalimia mke wa Sultani, wakakaa, wakaenda. Maneno yote aliyoyaogopa hayakuwapo. Aliyasikia peke yake kichwani, na kwa ajili ya hayo alimwacha mama wa watu chini ya mlima. Usiku alilala amegeukia mlango. Harufu ya mbao ilikuwa nzuri kweli, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

Jumapili moja baada ya Pasaka alirudi kanisani. Alikaa nyuma. Ulipofika wakati wa shuhuda, Pasta Protais alisimama, sauti yake haikuwa na nguvu za zamani, akasema kuna mama ambaye Mungu alimvusha ng'ambo ya mto ili mauti yasimkute nyumbani, na mama huyo yuko hapa, na akijisikia, aje ashuhudie wema wa Bwana. Alisema kwa kumtakia mema. Hakujua namna nyingine ya kumfariji mtu.

Wakageuka wote. Clarisse alimshika mkono kumsaidia kuinuka. Joséphine alitembea mpaka mbele, na harufu ya sambaza ikatangulia mbele yake kama zamani. Niyomugabo alikuwa kwenye benchi la mashemasi, ameinamisha kichwa. Mpiga kinanda alikuwa tayari, vidole juu ya vitufe, anangoja.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amina!"

"Aliniokoa. Ni kweli, aliniokoa."

"Amina!" Kinanda kikaanza kupanda.

"Lakini," alisema Joséphine.

Mpiga kinanda aliinua vidole. Mahali fulani nyuma mtoto alikohoa, na kanisa zima likabaki limenyamaza, kwa sababu neno lile halikuwa na jibu lake pale ndani.

"Lakini ule ukuta ulikuwa na tumbo. Mi nilikuwa naona, na nyinyi mulikuwa munaona. Mungu hakunijengea nyumba. Ni nyinyi mulinikandikia, na mi nikasema uongo kwa sababu munanipenda. Nikalaza mama pale juu ya ile uongo." Alipangusa uso kwa kiganja. "Mi siko na nyumba. Jumanne mukikaa mu mukutano, museme vile. Na batu bengine banalala chini ya ule mulima, batu ba hapa hapa, ba hili kanisa, banasema kila Jumapili habana haja. Basimame leo."

Pasta Protais alisogea hatua moja kumshika bega, amketishe kwa upole, akae chini kama yule papa wa goti. Joséphine aliutoa mkono wake taratibu. Akabaki amesimama, anawatazama mmoja mmoja, kwa sababu hakuwa amemaliza.